SOMO LA KIKUNDI: MAWE MAWILI, MABWAWA MAWILI



Vikundi vingi vya Ukambani vinajenga mabwawa ya mchanga. Ukuta unakula saruji, michango na jasho. Bwawa likijaa tope badala ya mchanga, kina mama watarudi kufuata maji mbali na punda wao kama zamani. Basi kabla ya kuchanga hata shilingi moja, tujifunze kusoma mawe.

Miamba hugawanywa mafungu matatu kufuatana na jinsi ilivyozaliwa:
1. Miamba ya moto: ni uji wa moto kutoka chini ya ardhi, ukapoa na kuganda.
2. Miamba ya mashapo: ni mchanga, tope au mabaki ya viumbe yaliyoshikana, kama mawe ya matumbawe kule Pwani.
3. Miamba geu: ilikuwa ya aina nyingine, ikageuzwa na joto na mgandamizo mkubwa bila kuyeyuka yote.

Leo tulinganishe la kwanza na la tatu. Yote mawili yapo Yatta.

JIWE LA JUU YA MLIMA
Mlima wa Yatta, ule mrefu ulio bapa juu, una urefu wa karibu kilomita 300. Zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita, uji wa volkano ulitiririka kufuata bonde la mto wa kale, ukaganda humo. Mvua ikamomonyoa ardhi laini ya pembeni, jiwe gumu likabaki. Ndiyo maana lililokuwa bonde leo ni mlima! Jiwe hili huitwa fonolaiti. Ni la kijivu cheusi, na punje zake nyingi ni ndogo sana, kwa sababu lilipoa haraka.

JIWE LA MTONI
Chini ya mlima, mitoni, utakuta jiwe lenye mistari myeupe na myeusi. Hilo ni naisi, mwamba geu. Ni la kale zaidi sana, miaka zaidi ya milioni 500. Mistari ililetwa na mgandamizo uliopanga chembe zake.

INATUHUSU NINI?
Naisi ikioza hutoa chembe ngumu za kung'aa kama kioo, ziitwazo kwatzi. Huo ndio mchanga mnene, wenye nafasi za kuweka maji na kuyaachilia. Fonolaiti haina kwatzi. Ikioza huwa udongo laini wa kunata. Udongo huo hulowa, lakini maji yake hayachoteki.

JARIBUNI WENYEWE
- Tembeeni juu ya mto. Je, mvua inaosha mawe gani kuja kwenu?
- Jazeni mkebe mchanga mkavu wa mtoni. Mimineni maji kwa kipimo mpaka yafike juu, kisha toboeni chini na mpime yanayotoka. Yakitoka karibu robo ya mkebe, mchanga ni mzuri. Yakidondoka kidogo tu, tafuteni mahali pengine.
- Chimbeni mpaka mwamba mzima usio na nyufa. Hapo ndipo ukuta ukae.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Mto wetu una mawe ya aina gani?
2. Nani wanajua mahali maji hubaki mchangani wakati wa kiangazi? Je, tumewauliza wazee na kina mama wachotao maji?
3. Nani atafanya jaribio la mkebe kabla ya mkutano ujao?