Nani Mtani Wako?

Mgeni msema Kiswahili afikapo Nyakunguru kwa mara ya kwanza, mara nyingi hawezi kujizuia: lazima aulize kunguru wako wapi. Wenyeji wamekwisha kulisikia swali hilo mara nyingi mno, wala hawakasiriki. Humjibu kwamba kunguru walikwenda kumpokea njiani, wakamkosa kwa sababu amechelewa. Mgeni hucheka, naye hupewa kiti.

Ni maneno machache tu, lakini yamefanya kazi kubwa. Yule aliyekuja kama mtu baki sasa amekwisha kuwa mtu wa kusemezana naye. Juma hili twapenda kulitazama jambo hili ambalo kila mtu hulifanya na wachache hulifikiri, yaani mzaha wa kila siku kati ya marafiki. Na hasa twapenda kulitazama kwa sababu siku hizi mzaha huo umetoka kisimani na uwanja wa mnada, umeingia katika simu.

Kwanza tupambanue maneno, maana lugha yetu ni tajiri hapa. Mzaha na masihara ni maneno yasiyokusudiwa kweli. Dhihaka na kebehi ni kumfanya mtu kuwa kichekesho mbele ya wengine. Matusi kila mtu ayajua. Lakini utani si mojawapo la hayo. Utani ni uhusiano kabla haujawa maneno. Ni kama undugu au ujirani. Ndiyo maana twasema watu hawa ni watani hata wakiwa wamenyamaza. Tena angalieni kwamba Waswahili hupenda kusema kutaniana: anayesema leo ndiye atakayesemwa kesho, na asiyekubali kusemwa hana haki ya kusema.

Wataalamu wa mila wameshughulika sana na jambo hili. Mwaka 1940 Mwingereza Radcliffe-Brown aliandika juu ya uhusiano wa namna hii katika nchi nyingi, akaueleza kuwa ni utovu wa heshima ulioruhusiwa: mmoja aruhusiwa, na pengine alazimika, kumchokoza mwenzake, na mwenzake alazimika kutokasirika. Miaka minne baadaye R. E. Moreau alichapisha habari za utani wa Tanganyika. Bwana huyu alijulikana hasa kwa kuchunguza ndege, kule Amani katika milima ya Usambara. Twadhani mtu aliyezoea kukaa kimya akisikiliza ndege alifaa sana kusikiliza watani.

Utani wa makabila ulikua sana katika njia za misafara ya karne ya 19. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea majuma mengi kutoka bara hadi pwani, wakapita katika nchi za watu wasiowajua. Mtu aliyeugua njiani alihitaji mahali pa kulala, na aliyekufa alihitaji wa kumzika. Hapo ndipo mtani alipokuwa na faida. Mnyamwezi na Mzaramo waliweza kutukanana mchana kutwa, lakini msiba ulipotokea mtani ndiye aliyeshika jembe. Hata leo katika sehemu nyingi za nchi mtani hufika matangani, akaigiza namna marehemu alivyokuwa akitembea au akikohoa, na wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka. Asiyejua mila hushangaa. Anayeijua ajua kwamba mtani huyo amekuja pia kuchota maji na kupasua kuni.

Wachaga na Wapare wanataniana vivyo hivyo, na watu wa mjini wamejitengenezea utani wao wenyewe: Yanga iliyoanza mwaka 1935 na Simba iliyoanza mwaka 1936 huitwa watani wa jadi. Hakuna aliyezaliwa na damu ya Simba. Hata hivyo tumeona nyumba ambazo baba na mama hawasemezani vema siku ya mchezo, na jioni wakala sahani moja.

Basi, huku kwetu Tarime na Serengeti je? Misafara mikubwa ile haikupita hapa, na utani wetu una sura nyingine. Kati ya Wakurya mzaha hufuata umri na kizazi kuliko kabila. Babu na mjukuu hutaniana pasipo mpaka; mjukuu wa kiume aweza kumwambia bibi yake kwamba atamwoa, na bibi akamwuliza ana ng'ombe wangapi. Waliotahiriwa msimu mmoja ni sawa kwa sawa mpaka uzeeni, nao huambiana mambo ambayo mtu mwingine akiyasema patakuwa na fimbo. Bali baba na mwana wana staha kati yao, na mkwe na mkwewe wana staha kubwa zaidi. Mbele ya baba wa mkewe kijana huchagua maneno yake kama achaguavyo mawe ya kukanyaga mtoni.

Kwa hiyo mtu wa Nyakunguru kabla ya kufungua kinywa hutazama kwanza ni nani aliyeketi pale. Hafundishwi jambo hilo shuleni, ila macho yake yamekwisha kuzoea. Akimwona mkwe anakuja, kicheko hukatika, na habari za mvua huanza.

Hapo ndipo simu ilipotuletea matata. Katika kundi la simu hakuna kiti wala mlango. Baba, mwana, mkwe, shemeji na rika wote wamo pamoja, nao hawaonani. Anayeandika humfikiria rafiki yake mmoja, akasahau masikio mengine 200 yaliyo kimya. Sauti haisikiki, jicho halionekani likikonyeza. Wengine huweka picha ndogo ya uso unaocheka, lakini twaona kwamba picha hiyo huwekwa hata na wenye chuki. Tena neno lililosemwa kisimani lilikwenda na upepo. Lililoandikwa hukaa, na mtu wa tatu aweza kulipeleka kwa wa nne ambaye hajui lilianzaje.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, hakuwa adui wa kicheko. Akimfuata Aristotle alifundisha kwamba roho huchoka kama mwili uchokavyo, na pumziko lake ni mchezo. Hata akasema kwamba mtu asiyefanya mzaha kamwe, akawa mzigo kwa wenziwe wanaocheka, naye ana kosa. Lakini mzaha, asema, usiwe wa aibu wala wa kudhuru, usimwondolee mtu utulivu wa roho, tena upatane na mtu, wakati na mahali. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu kwetu sasa, kwani simu yaficha yote matatu: hujui ni nani asomaye, saa gani, wala akiwa wapi, pengine yuko kitandani hospitalini, au matangani.

Serikali nayo iliweka Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, ambayo pamoja na mengine yakataza kumtukana mtu kwa ajili ya asili yake au dini yake. Ni vema iwepo. Lakini polisi hawezi kumfundisha mtu kujua rika lake. Na katika wilaya yenye historia kama ya Tarime, ambako ugomvi wa koo umewahi kugharimu maisha ya watu na mifugo, twajua kwamba neno la kejeli juu ya woga wa ukoo fulani si mchezo, hata likifuatwa na nyuso kumi zinazocheka.

Tutoe mfano mmoja tulioujua wenyewe. Jamaa wa pande zote mbili wametupa ruhusa kuusimulia bila majina. Watu wa kijiji kimoja walikuwa na kundi la simu lililoanzishwa kwa kukusanya michango ya misiba. Kijana mmoja alikuwa ameoa karibuni. Rika lake, afanyaye kazi Mwanza, akamwandikia humo: "Ng'ombe wako wa mahari tuliwasukuma kwa mikono; mmoja alilala njiani mara tatu!" Vijana wakacheka, wakaongeza kila mmoja lake. Mmoja akauliza kama huyo wa nne hakubebwa kwa pikipiki.

Baba wa binti alikuwamo kundini. Hakuandika neno. Kwa siku mbili hakuna aliyejua kwamba amesoma. Siku ya tatu alimwita binti yake arudi nyumbani, akatuma ujumbe kwamba kama watu wote wajua kuwa alipokea mizoga, basi mizoga hiyo irudi ilikotoka. Bwana arusi alikwenda kusimama uani kwake tangu asubuhi hadi jua kali, hakukaribishwa. Yule wa Mwanza aliomba radhi katika simu mara tano. Kila radhi ilisomwa na watu wote, na kila mara aibu ya mzee ikawa mpya.

Mwisho wazee walimtaka mchokozi aje mwenyewe. Akapanda basi, akaja, akasimama mbele yao bila kofia. Alisema kwamba alikuwa akimtania rika lake, wala hakumkumbuka mzee. Mzee alijibu kwamba hilo ndilo lililomwuma, kutokumbukwa. Akatozwa mbuzi, akakubali. Lakini uso wa mzee haukufunguka, na binti alikuwa bado ndani.

Ndipo mzee mmoja aliyekuwa amekaa pembeni, aliyetahiriwa msimu mmoja na baba wa binti, akaanza kucheka peke yake. Wenziwe wakamgeukia. "Huyu kijana hana haki ya kusema hayo," akasema, "lakini mimi ninayo. Wewe, ng'ombe uliowatolea mama wa binti huyu, wawili walikuwa vipofu. Najua, kwa sababu mmoja nilimwongoza mimi kwa kamba, akaniingiza mtoni."

Kimya kikawa kirefu. Kisha mkwe akafunika uso kwa mkono wake, na mabega yakaanza kutikisika. Akamwita binti yake alete chai, vikombe vya watu wote, na cha yule wa Mwanza pia.