Ingwe imeanza vibaya: kocha afutwe?

SWALI: Mimi ni shabiki wa AFC Leopards, yaani Ingwe, hapa Embu mjini. Mechi nne, pointi tatu, na kila wiki kocha anapanga kikosi kipya. Pale stendi ya matatu watu wa Gor Mahia hawanipi nafasi ya kupumua. Kwa nini asifutwe mapema?

JIBU: Pole, ndugu. Mechi nne kati ya 34 ni chache mno. Mwaka 2021 Arsenal ilipoteza tatu za kwanza za ligi bila kufunga hata bao moja, ikaburura mkia. Kocha wao Mikel Arteta aliachwa kazini, wakamaliza wa tano.

Ingwe haijabeba ligi tangu 1998, na tangu hapo makocha wameingia na kutoka kama abiria. Kila mmoja huja na mfumo wake na wachezaji anaowataka yeye, halafu mnaanza upya.

Ila hilo la kikosi lina uzito. Waangalie kipa na mabeki wanne: wakibadilishwa bila jeraha wala kadi, basi kocha mwenyewe bado anabahatisha. Washambuliaji kuzungushwa si neno. Angalia pia mnafungwa lini. Mabao ya baada ya dakika ya 75 mara nyingi ni pumzi, na pumzi hutafutwa kabla ya msimu. Kocha mpya hataileta Jumatatu. Mkifungwa kwa kona zilezile kila mechi, huyu mliye naye sasa ana la kujibu.

Mimi ningempa mechi kumi. Na hao wa Gor wakizidi, waulize walibeba ligi mara ngapi kati ya 1996 na 2012.