Mtaka cha Mvunguni: Namna Senta Anavyojenga Mchezo Wake Chini ya Kikapu

Utangulizi

Katika viwanja vya shule na vyuo vyetu, kijana mrefu anapojitokeza kwa mara ya kwanza kucheza mpira wa vikapu, aghalabu huelekezwa moja kwa moja chini ya kikapu na kuambiwa asimame hapo. Baada ya mechi chache za kupokonywa mpira na walinzi wafupi kumliko, huanza kuamini kwamba mchezo huo haukuumbiwa watu kama yeye. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba kimo ni mtaji tu, na mtaji usiofanyiwa biashara hauzai faida. Senta hutengenezwa na miguu kwanza, kisha macho, na mwisho mikono.

Hoja hii si ngeni. Mnamo 1942, mkufunzi Ray Meyer wa Chuo Kikuu cha DePaul, Chicago, alimpokea George Mikan, kijana mzito wa miguu aliyekaribia mita 2.08. Meyer hakumfunza kutupa mpira pekee, bali alimrusha kamba na hata kumchezesha dansi ili miguu yake iwe myepesi. Mikan alikuja kutawala mchezo kiasi kwamba mwaka wa 1951 ligi ya NBA ilipanua eneo la chini ya kikapu kutoka futi 6 hadi futi 12 ili kumpunguzia makali.

Kuitafuta nafasi

Kikapu kipo mita 3.05 juu ya sakafu, lakini anayekitaka hana budi kuanzia chini. Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Senta na akunje magoti, apanue miguu kupita upana wa mabega, na amweke mlinzi mgongoni pake. Aliyeinama vyema hasukumiki kwa wepesi, ilhali aliyesimama wima huyumbishwa hata na mtu mdogo.

Aidha, sheria haimruhusu mshambulizi kukaa ndani ya eneo lile kwa zaidi ya sekunde 3 mfululizo. Kwa hivyo senta asimame kando ya mstari wa eneo hilo, auinue mkono ulio mbali na mlinzi ili mwenzake ajue pa kuupeleka mpira, na pasi ikija aifuate badala ya kuingoja. Mpira udakwe kwa mikono miwili na kuwekwa chini ya kidevu, viwiko vikiwa nje. Anayeushusha mpira hadi kiunoni huwa amewakaribisha wafupi karamuni.

Kumsoma mlinzi

Kosa la wachezaji wengi ni kuamua watakalofanya kabla ya kujua mlinzi yuko wapi. Senta aliyeukamata mpira atulie kidogo, ahisi uzito wa mlinzi mgongoni na kutupa jicho juu ya bega. Mlinzi ndiye atakayemjibu swali, na majibu yake ni ya namna tatu.

Kwanza, mlinzi akiegemea upande wa katikati ya uwanja, senta aupeleke nyuma mguu ulio karibu na mstari wa mwisho, auweke nje ya mguu wa mlinzi, amfungie kwa nyonga, kisha aruke na kuutia mpira akitumia ubao.

Pili, mlinzi akiwa nyuma sawasawa, senta ageuke ubavu, bega lake likimtenga mlinzi na mpira, na kuupitisha mpira juu kwa mkono mmoja ulionyooka mfano wa ndoano. Mtupo huu ndio uliompa Kareem Abdul-Jabbar sehemu kubwa ya alama zake 38,387, idadi ambayo haikupitwa hadi LeBron James alipoipita mwaka wa 2023.

Tatu, mlinzi akiwa na pupa ya kuruka, senta ampige chenga: auinue mpira kana kwamba anatupa, na mlinzi akishapaa, apite chini yake kwa hatua moja. Mguu mhimili usihame, la sivyo mwamuzi atapuliza kipenga.

Bingwa wa chenga hizi alikuwa Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, Nijeria. Kabla ya kuujua mpira wa vikapu alikuwa mlinda lango katika kandanda na mchezaji wa mpira wa mikono, na wepesi wa miguu alioupata huko ndio uliokuja kuwasumbua masenta wa Marekani. Aliiongoza timu ya Houston kutwaa ubingwa wa NBA mwaka wa 1994 na 1995.

Mazoezi

Zoezi la msingi hadi leo hubeba jina la Mikan. Mchezaji husimama chini ya kikapu, hutupa kwa mkono wa kulia akiwa upande wa kulia, huudaka mpira kabla haujagusa sakafu, kisha hutupa kwa mkono wa kushoto upande wa pili, bila kuushusha mpira chini ya kidevu. Baada ya hapo, mwenzake amsukume mgongoni anapozifanyia mazoezi hatua tatu zilizotajwa. Mwisho, akiwa amechoka, afanye mitupo huru, maadamu senta huchezewa madhambi mara nyingi.

Hitimisho

Ni kweli kwamba mtupo wa alama tatu umepunguza mchezo wa chini ya kikapu katika ligi kubwa. Hata hivyo, Nikola Jokić wa Serbia, aliyeiongoza Denver kutwaa ubingwa mwaka wa 2023, amedhihirisha kwamba senta anayesoma uwanja huwatajirisha wenzake: walinzi wawili wakimvamia, pasi yake humfikia aliyeachwa peke yake. Hivyo basi, wakufunzi wetu wasimwache kijana mrefu asimame kama mlingoti. Wamfunze kuinama, kugeuka na kutazama, kwani kimo alizaliwa nacho, lakini miguu hufunzwa.