Bedivere na Upanga wa Mfalme

Katika Ulaya ya zamani palikuwa na mashujaa waliopigana juu ya farasi. Walivaa deraya za chuma, wakachukua ngao na mikuki mirefu, na kila mmoja aliapa kumtumikia bwana wake kwa uaminifu. Hadithi zao ni nyingi, na zilizo mashuhuri kupita zote ni za Mfalme Arthur wa Uingereza na mashujaa wake wa Meza ya Mviringo. Hakuna awezaye kuthibitisha ya kuwa Arthur aliishi kweli, lakini hadithi yake husimuliwa hata leo.

Vita vya mwisho vya Arthur vilikuwa na Mordred, mtu wa jamaa yake aliyemwasi. Mordred aliuawa, naye Arthur akajeruhiwa vibaya kichwani. Mwishowe hakubaki shujaa kando yake ila Bedivere peke yake.

Mfalme akamwamuru autwae upanga wake, uitwao Excalibur, akautupe majini, kisha arudi amwambie aliyoyaona. Bedivere akaenda. Alipofika ukingoni akautazama mpini uliojaa vito vya thamani, akaona ya kuwa kuutupa ni hasara tupu. Akauficha chini ya mti, akarudi. Alipoulizwa ameona nini, akajibu ya kuwa hakuona kitu ila maji na upepo. Mfalme akatambua ya kuwa amedanganywa, akamtuma tena. Mara ya pili Bedivere alishindwa vile vile, akadanganya vile vile. Kweli, penye urembo ndipo penye urimbo.

Ndipo Arthur alipomkemea kwa uchungu mwingi. Bedivere akaenda mbio, akautwaa upanga, akautupa mbali kwa nguvu zake zote. Mara mkono ukatokea majini, ukaudaka, ukautikisa mara tatu, ukazama nao. Safari hii alirudi na habari za kweli. Kisha akambeba bwana wake mgongoni mpaka ukingoni. Hapo palikuwa na mashua yenye mabibi waliojitanda nguo nyeusi, nao wakampokea mfalme wakaenda naye Avalon. Bedivere akaachwa ukingoni, akilia.

Hadithi hii imepita katika mikono ya waandishi wengi. Katika kitabu kimoja cha Kifaransa cha karne ya 13, aliyetumwa na upanga si Bedivere, ni Girflet. Katika kitabu cha Thomas Malory, kilichopigwa chapa na William Caxton mwaka 1485, Arthur anamlaumu Bedivere ya kuwa ametamani utajiri wa ule upanga. Lakini Alfred Tennyson, mshairi wa Uingereza, alipoisimulia tena katika shairi lililotolewa mwaka 1842, alimpa Bedivere sababu nyingine. Humo Bedivere anafikiri ya kuwa upanga ukipotea, watu wa baadaye hawatakuwa na kitu cha kumkumbukia bwana wake. Tena mara ya tatu anafumba macho, ili vile vito visimshinde.

Basi, tazameni jambo hili. Tamaa ya mali ni rahisi kuitambua. Lakini je, mtu akivunja amri kwa sababu ya upendo? Bedivere wa Tennyson alimpenda mfalme, na kwa kumpenda akajiona anajua yamfaayo kuliko mfalme mwenyewe. Akamwambia uongo mtu aliyekuwa anakufa, asiye na mwingine wa kumtuma. Vitani, mbele ya macho ya wenzake, hakukimbia. Aliposhindwa ni pale alipokuwa peke yake ukingoni, wala hapana aliyemwona. Hata hivyo hakukaa katika kosa lake. Alirudi mara ya tatu, akafanya aliloagizwa, akasema kweli, na bwana wake akaondoka akimwamini.

MASWALI

1. Bedivere alitumwa kufanya nini, na kwa nini alishindwa mara mbili?
2. Mfalme alijuaje ya kuwa anadanganywa? Fikiri, ueleze.
3. Sababu aliyopewa Bedivere na Tennyson ina tofauti gani na lawama ya Arthur katika kitabu cha Malory?
4. Je, upendo waweza kuwa udhuru wa kumdanganya umpendaye? Toa mfano wako mwenyewe.