Boljointi ya Hilux Ikianza Kugonga

Hilux inayorudi kutoka njia ya makorongo ikigonga "kok, kok" mbele isipewe safari nyingine. Boljointi ya chini ikichomoka, gurudumu hulala na usukani haufai kitu.

Kuikagua, jeki iwekwe chini ya mkono wa chini wa sasipenshi, si chini ya chesesi. Springi ikibaki imekaza huficha ulegevu. Tairi likielea kidogo, mtaimbo upitishwe chini yake na kuliinua, fundi mwingine akiikodolea macho boljointi. Ikicheza, au mpira wake umepasuka na grisi imegeuka tope, ibadilishwe.

Kuitoa, nati yake ilegezwe bila kutolewa kabisa, ndipo nyundo ipige ubavu wa chuma kinachoibana boljointi, kamwe si ncha yenye nyuzi. Wakati wa kufunga mpya, pini ya nati nayo iwe mpya. Kisha, alaimenti.