MATENDE: KUUTUNZA MGUU, KUZUIA VIDONDA

Katika maeneo mengi ya ukanda wa Pwani wapo wazee na vijana ambao hawahudhurii tena mkutano wa kijiji, harusi wala ibada. Sababu si uvivu, bali ni mguu uliovimba na kidonda kinachotoa harufu, kilichofichwa chini ya kanga au suruali pana. Makala haya yanaeleza namna mgonjwa na familia yake wanavyoweza kuutunza mguu huo nyumbani.

Chanzo cha ugonjwa

Matende husababishwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu. Mbu humuuma mwenye vimelea, kisha humwambukiza mwingine. Minyoo hiyo huishi katika mishipa ya limfu, ambayo kazi yake ni kurudisha maji ya mwili kwenye damu na kupambana na vijidudu. Mishipa ikiharibika, maji hutuama na mguu huvimba. Kwa wanaume, ugonjwa huohuo huweza kuleta busha. Maambukizi yanaweza kuanza utotoni na uvimbe ukaonekana ukubwani; ndiyo maana wengi hudhani wamerogwa. Hakuna uchawi hapa.

Hata hivyo, si kila mguu uliovimba ni matende. Maradhi ya moyo na ya figo pia huvimbisha miguu. Hatua ya kwanza, basi, ni kufika zahanati ili upimwe.

Kwa nini vidonda havikauki

Ngozi ya mguu uliovimba hujikunja na kufanya mifereji. Unyevu hubaki humo na katikati ya vidole, fangasi huota, ngozi hupasuka, na vijidudu huingia kupitia ufa huo. Kwa kuwa mishipa ya limfu imedhoofika, mwili hushindwa kuwafukuza. Mgonjwa hupata homa, baridi na maumivu, na mguu huwa mwekundu na wa moto. Kila shambulio la namna hii huuacha mguu mkubwa kuliko awali. Kwa hiyo, anayezuia ufa mdogo wa ngozi huzuia pia kukua kwa tende.

Mambo matano ya kila siku

1. Osha. Tumia maji safi yasiyo ya moto na sabuni ya kawaida. Anzia juu ukishuka chini, ukipitisha kitambaa laini kwenye mikunjo na katikati ya vidole. Usisugue kwa nguvu. Suuza mpaka maji yatoke meupe.

2. Kausha. Gusagusa kwa kitambaa safi, hasa katikati ya vidole.

3. Kagua. Tafuta michubuko, nyufa na ukungu mweupe wa fangasi. Paka dawa uliyopewa na mtoa huduma. Kidonda kifunikwe kwa bandeji safi isiyobana. Usipake majivu, kinyesi cha ng'ombe wala majani yaliyotwangwa, na usichanje ngozi.

4. Inua na fanya mazoezi. Ukikaa, weka mguu juu ya kigoda. Ukilala, weka mto chini ya godoro upande wa miguuni. Nyanyua visigino na zungusha kifundo cha mguu mara kwa mara. Mwenye ugonjwa wa moyo aulize kwanza zahanati kabla ya kuinua mguu.

5. Vaa viatu vyepesi, vinavyopitisha hewa na visivyobana.

Homa ikianza

Acha mazoezi, pumzika, inua mguu na uweke kitambaa kilicholowekwa kwenye maji ya baridi. Kunywa maji mengi, kisha fika zahanati mapema ili upewe dawa stahiki. Usingoje mguu utoe malengelenge au usaha.

Kingatiba na busha

Tanzania ilianza ugawaji wa kingatiba ya matende mwaka 2000 katika kisiwa cha Mafia. Dawa hizo huua vimelea vichanga vilivyomo katika damu na hivyo kukata mnyororo wa maambukizi. Haziurudishi mguu uliokwisha kuvimba. Wanaomkebehi mgawa dawa kwa sababu hiyo hawajaelewa lengo lake. Watoto chini ya miaka 5, wajawazito na wagonjwa mahututi hawapewi. Kulala ndani ya chandarua na kufunika mashimo ya maji taka husaidia pia. Mwenye busha asikate tamaa, kwani busha hutibika kwa upasuaji.

Wito kwa familia

Mzee asiyeweza kuinama hawezi kuosha vidole vyake mwenyewe. Beseni la maji, kipande cha sabuni na mkono wa mjukuu vyatosha kuanza. Anayeoshwa mguu wake kila siku, homa hupungua, harufu hutoweka, naye hurudi kuketi na wenzake barazani. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kitongoji chako atakuonesha namna ya kuanza. Mwite leo; usimfiche mgonjwa.

Imetolewa na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini, Halmashauri ya Wilaya.