Barafu ya Matunda

Jumamosi moja Yosefu na dada yake Ana walitoka Bogoro kwenda Bunia pamoja na mjomba wao. Kutoka Bogoro hadi Bunia ni kilomita 25 hivi. Jua lilikuwa kali, na barabara ilikuwa na vumbi tele. Walipofika mjini, koo zao zilikuwa zimekauka.

Mjomba akawapeleka katika duka dogo lenye benchi la mbao. Ndani yake mama mmoja alikuwa akiponda maembe.

— Karibuni, wanangu. Leo nina barafu ya maembe, ya marakuja na ya ndizi.

— Mama, umetia maziwa? akauliza Yosefu.

— Hapana. Ni matunda, maji na sukari tu.

Yosefu akashangaa. Kwao wana ng'ombe, naye alidhani hakuna kitu kitamu kisichotoka katika kibuyu cha maziwa.

— Basi tazameni, akasema mama.

Akatia maji ya maembe katika sufuria, akaifunika, akaiweka ndani ya ndoo. Akaizungushia vipande vya barafu, na juu ya vipande hivyo akanyunyiza chumvi nyingi.

— Mama, chumvi haitaharibu utamu? akauliza Ana.

— Haiingii ndani, mwanangu. Kazi yake ni kuzidisha baridi. Maji matupu huganda kwenye digrii 0. Lakini barafu yenye chumvi huyeyuka upesi, na inapoyeyuka huvuta joto la sufuria. Baridi yake yaweza kushuka hata digrii 20 chini ya 0. Ndipo maji ya matunda yanapoganda.

Kila mara alifunua sufuria, akakoroga, akaifunika tena.

— Nisipokoroga, itakuwa ngumu kama jiwe. Nikikoroga, chembe za barafu hubaki ndogo, nayo huwa laini mdomoni. Ndizi mbivu ni rahisi zaidi: nazigandisha, kisha naziponda, nazo huwa laini kama siagi.

Barafu ikawa tayari. Mjomba akatoa falanga, na Yosefu akanyosha mkono. Lakini Ana hakunyosha wake. Alikumbuka majira ya mvua yaliyopita. Yosefu alikula barafu iliyouzwa njiani, akaharisha siku tatu, hata akashindwa kusimama. Ana aliona haya kumwuliza mtu mzima. Hata hivyo akasema polepole:

— Mama, uniwie radhi. Maji haya yamechemshwa?

Mjomba akakunja uso. Lakini mama akacheka.

— Usimkemee, baba. Ameuliza vema. Watu wengi hudhani kwamba baridi huua vidudu vya ugonjwa. Sivyo. Vingi havifi; ni kama vimelala. Barafu ikiyeyuka tumboni, vinaamka. Huko Kasenyi na Tchomia, kando ya Ziwa Albert, kipindupindu kimeua watu mara nyingi, nacho huenezwa na maji machafu na chakula kichafu. Moto huua vidudu, barafu huvitunza.

Akawaonyesha sufuria kubwa ya maji juu ya moto, yakitokota. Akawaonyesha na matunda, yaliyooshwa kabla ya kumenywa, na sabuni ya kunawia mikono.

Ndipo wakala. Yosefu alichagua maembe, Ana marakuja. Ukali wa marakuja ulimfumbisha macho, wote wakacheka.

Njiani kurudi Bogoro mjomba alikaa kimya kitambo. Kisha akasema:

— Ana, siku ile niliyemnunulia Yosefu barafu njiani ni mimi. Sikuuliza neno. Leo umenifunza: kuuliza si ujinga.

Maneno
kugandisha: kufanya kitu cha majimaji kiwe kigumu kwa baridi
kutokota: kuchemka sana

Maswali
1. Kwa nini Yosefu alishangaa?
2. Chumvi hufanya kazi gani ndani ya ndoo?
3. Je, baridi huua vidudu vyote? Eleza.
4. Kwa nini Ana aliona haya? Wewe ungefanya nini?
5. Nyumbani kwenu maji ya kunywa hutayarishwaje? Andika sentensi tano.